Dar es Salaam tunajua majina ya magonjwa ya akili, lakini mgonjwa mwenyewe tunamchukuliaje? (Uzi kuhusu mjini na kijijini)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa watu waliosoma sana, kwamba watu wa vijijini ndio wanaoamini kuwa ugonjwa wa akili unatokana na kurogwa, na kwamba sisi wa Dar es Salaam tumeshaelimika. Katika ukoo wetu yupo mgonjwa. Nimekaa naye kwenye mabenchi ya kliniki, nimesafiri naye kati ya Mbagala na kijijini kwetu wilayani Kilosa, na kwa niliyoyaona siwezi kuikubali kauli hiyo. Imani kuhusu chanzo cha ugonjwa hazipishani sana kati ya mjini na kijijini. Kinachopishana ni namna mgonjwa anavyofichwa, watu wangapi wanamfahamu, na muda unaopita kabla hajafikishwa hospitalini. Naomba nieleze kwa kirefu, na wenye uzoefu tofauti mniongezee.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa wakiishi na tatizo fulani la afya ya akili, yaani mtu mmoja katika kila wanane. Wengi wao walikuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliopitiliza. Wenye skizofrenia, yaani ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, ambao ndio hasa tunaowafikiria tunaposikia neno kichaa, ni takriban milioni 24, yaani mtu mmoja katika kila watu 300. Kwa hiyo picha iliyo vichwani mwetu ya mtu anayeokota makopo Kariakoo akiwa na nguo zilizochanika inawakilisha sehemu ndogo sana ya wagonjwa. Madhara ya picha hiyo ni makubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu mama wa Tandale ambaye kwa miezi kadhaa hapati usingizi, hana hamu ya kula na analia akiwa peke yake jikoni hawezi kujihesabu kuwa mgonjwa, maana haokoti makopo. Ataambiwa ana mawazo, apunguze mawazo, na yeye ataona aibu kwamba ameshindwa kuyapunguza.

Ni kweli kwamba mjini neno sonona limeenea. Redio zinalizungumzia, na kila tarehe 10 Oktoba, ambayo tangu mwaka 1992 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, mitandao hujaa maneno mazuri. Sibezi jambo hilo hata kidogo, kwa sababu wapo walioomba msaada baada ya kusikia kipindi kimoja tu. Lakini nimeona kwamba huruma hiyo mpya ina mipaka. Inamfikia mfanyakazi wa ofisini aliyechoka na msichana aliyeachwa na mchumba, ila haimfikii kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huyo bado tunamwita chizi, na bado tunatishiana kwa utani kupelekana Mirembe, kana kwamba hospitali ile ya Dodoma iliyotibu watu tangu enzi za ukoloni ni adhabu.

Nitaeleza kisa kimoja bila kumtambulisha mhusika. Kijana wetu, fundi wa kuchomelea mageti, alianza kukosa usingizi. Kisha akabandika magazeti kwenye dirisha la chumba chake kwa sababu, kwa maelezo yake, vijana wa bodaboda waliokuwa wakiegesha kijiweni mbele ya nyumba walikuwa wakimsoma mawazo. Akawa hali chakula mpaka dada yake akionje kwanza mbele yake, na hata akishakionja, yeye alisubiri kwanza aone kama dada atadhurika. Kikao cha ukoo kikaitishwa. Baba mdogo akasema ni malaria imempanda kichwani. Mama yake akasema ametupiwa kitu na fundi mwenzake waliyegombania wateja. Shangazi, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akasema ni bangi, na akashauri achapwe ili akili imrudie. Katika watu wale hapakuwa na hata mmoja anayeishi kijijini.

Nisieleweke kwamba ninawaona wajinga. Baba mdogo alikuwa na hoja, kwa sababu malaria kali huweza kuvuruga fahamu, na vivyo hivyo sukari kushuka, maambukizi ya ubongo na baadhi ya matatizo yanayoambatana na virusi vya Ukimwi. Mtu anayebadilika ghafla anastahili kupimwa hayo yote kabla ya kitu kingine. Shangazi naye hakuwa amekosea kabisa, maana bangi huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hasa kwa anayeanza kuvuta akiwa na umri mdogo na ambaye katika ukoo wake ugonjwa umo. Lakini wengi wa wavutaji hawaugui, na wengi wa wagonjwa hawakuvuta. Tatizo la kusema ni bangi ni kwamba neno hilo linafunga mjadala: mgonjwa anageuka mkosaji, na mkosaji hatafutiwi daktari. Kipimo cha malaria kilipoonyesha hana, familia haikuendelea mbele kuuliza ni nini basi. Ilirudi kwenye kurogwa.

Ikafuata safari ambayo wengi wenu mnaijua. Alisomewa kisomo na kunyweshwa kombe, akapelekwa kwenye maombi ya kufunga kwa sababu upande wa mama ni Wakristo, halafu akapelekwa kwa mganga Mkuranga aliyedai mbuzi na fedha. Alifika hospitalini zaidi ya nusu mwaka tangu dalili za kwanza, ndani ya bajaji, mikono imefungwa kwa khanga, baada ya kumrushia jirani tofali. Muda ule uliopotea una gharama ambayo haionekani kwa macho, kwa sababu tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba kadiri ugonjwa wa namna hii unavyokaa bila tiba, ndivyo kupona kunavyokuwa kwa shida na kwa pungufu. Ugonjwa wenyewe huwa na desturi ya kuanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, yaani wakati mtu anatafuta kazi, mchumba na maisha, na kila mwezi unaopotea unachukuliwa kutoka hapo.

Wanaodhani kwenda kwa waganga ni tabia ya kijijini wautazame utafiti uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003, uliolinganisha watu waliokwenda kwenye vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kwenye vituo vya afya, asilimia 24 walikutwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48, yaani mara mbili. Mimi ninausoma utafiti huo hivi: mkazi wa jiji hili anapoumwa moyo na fikra huwa anajua kwamba kuna kitu hakiko sawa, na anatafuta msaada, ila hajui kwamba mtu wa zahanati anaweza kumsikiliza. Mganga anamkalisha, anamuuliza habari za nyumbani, za ndoa na za majirani. Zahanati inampa dawa ya kichwa na kumwita anayefuata.

Sasa kijijini. Sitaki kupamba maisha ya kule. Nimeona kwa macho mtu mzima aliyefungwa kamba mguuni na kuachwa chini ya mwembe, na jeraha la kamba lilikuwa limeoza. Hata ugonjwa wa kifafa, ambao kwa hakika ni wa ubongo wenyewe lakini kwetu unatibiwa kwenye kliniki hizo hizo za akili, umewafanya watu wengi kutengwa kwa hofu kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa takriban miaka 60 iliyopita, na miongoni mwa aliowakuta walikuwa watu wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa mtu akianguka jikoni wengine waliogopa kumgusa ili kumtoa. Baadaye ilibainika kuwa eneo lile lina kifafa kingi kuliko kawaida, na watafiti wakakihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni. Watu wa Mahenge walikuwa sahihi kuona kwamba kwao kuna jambo lisilo la kawaida, na walichokosa ni mtu wa kulichunguza pamoja nao.

Lakini kijijini kuna kitu kimoja ambacho hapa mjini tumekipoteza. Mgonjwa anajulikana ni mtoto wa nani. Akitembea usiku, kuna atakayemrudisha kwao. Siku akiwa na nafuu anapewa jembe na wenzake wanalima naye. Mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye milango kumi na choo kimoja, sauti moja ya usiku inatosha kwa mwenye nyumba kukupa notisi. Kwa sababu hiyo familia za mjini hujifunza kuficha. Mgonjwa anafungiwa chumba cha uani, redio inawashwa kwa sauti kubwa, na wageni wanaambiwa amesafiri. Dada akiwa na mchumba, ndiyo kabisa, kwa kuwa watu wa upande wa pili wakisikia kuna ugonjwa huo katika ukoo, mahari haitafika. Na kadiri familia inavyokuwa na uwezo ndivyo ukuta unavyokuwa mrefu, kiasi kwamba ninaamini baadhi ya wagonjwa waliofichwa kwa siri kubwa zaidi wako kwenye nyumba zenye mageti mazuri.

Hapa ndipo ninapotaka tutafakari kwa makini, kwa sababu mara nyingi tunajadili mjini na kijijini kana kwamba ni watu wawili tofauti, wakati ni ukoo mmoja na mgonjwa mmoja anayezungushwa. Kijana wetu alipata nafuu nzuri kwa sindano ya kila mwezi, akarudi kwenye mashine yake ya kuchomelea, akaanza hata kuchangia kodi. Kisha wakubwa wakaamua apelekwe Kilosa akapumzike, mbali na makelele na mbali na macho ya majirani. Zahanati ya kijijini haikuwa na sindano ile, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya ilikuwa kubwa kuliko matumizi ya wiki ya bibi anayemlea, na daftari lake la kliniki lilibaki Mbagala kwenye droo ya shangazi. Mwezi wa pili bila dawa alianza tena kubandika magazeti. Kijiji kikahitimisha kwamba dawa za hospitali hazitibu, na ukoo wa mjini ukahitimisha kwamba ndugu wa kijijini wamempeleka kwa waganga. Sindano iliyokatika haikutajwa na upande wowote.

Jambo hilo la dawa linahitaji maelezo ambayo wagonjwa wengi hawapewi. Dawa za zamani ambazo bado zinatumika sana, kama haloperidoli na lagaktili, hutuliza sauti na hofu, ila zinaweza kukakamaza shingo, kutetemesha mikono na kumtoa mtu udenda. Jirani akimwona hivyo anasema hospitali imemfanya zezeta, na mgonjwa mwenyewe anazitupa. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza kidonge cha kuondoa madhara hayo, lakini ni lazima aambiwe, na familia ni lazima ijue mapema kwamba hayo huweza kutokea. Vivyo hivyo dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huziacha katika wiki ya kwanza kwa kuona hazisaidii.

Nigusie pia sheria, kwa kifupi. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoeleza jinsi mtu anavyoweza kulazwa kwa hiari yake na jinsi anavyoweza kulazwa asipokuwa na uwezo wa kuamua. Ni wajumbe wachache wa mitaa niliowakuta wanaijua. Wakati huo huo, Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kwa hiyo familia zinazofika hospitalini na mtu aliyekunywa sumu husema alikunywa kwa bahati mbaya. Mtu anaokolewa tumbo, anarudishwa nyumbani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini alitaka kufa. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinawaua watu ambao tayari tulikuwa nao mikononi.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji kutoka Tabata: Mleta uzi, nakushukuru, lakini naona umeyaweka maombi katika kundi moja na mbuzi wa mganga. Mimi ni mzee wa kanisa na nimeshuhudia watu wakirudiwa na fahamu baada ya maombi. Je, unataka tuwafukuze wanaokuja kwetu?

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kuuliza waziwazi. Sitaki mtu afukuzwe, iwe kanisani au msikitini, kwa sababu mgonjwa anayeombewa na watu wanaomshika mkono amepata kitu ambacho hospitali haina. Sipingi pia kwamba wapo waliopata nafuu, na zipo hali za kuchanganyikiwa ambazo huja ghafla baada ya mshtuko na kuondoka ndani ya siku au wiki chache. Ninachoomba ni sentensi moja kutoka kinywani mwako: kwamba maombi yanaendelea na dawa isiachwe. Kijana wetu aliacha vidonge kwa mara ya kwanza kwa sababu aliambiwa kuendelea kumeza ni kukosa imani. Daktari akipinga kauli hiyo anaonekana mtu wa dunia, lakini mzee wa kanisa au imamu akiipinga anasikilizwa siku hiyo hiyo.

Mchangiaji, muuguzi wa zahanati, Morogoro vijijini: Uliyoyasema kuhusu sindano ni kweli, na inatuuma sisi tunaobaki na mgonjwa mlangoni huku kabati halina kitu. Ila niongeze jambo moja la matumaini. Katika kijiji ninachohudumia tulikuwa na mama aliyekuwa akizurura uchi, na watoto walimrushia mawe. Alipopata dawa mfululizo kwa msimu mmoja, akalima na akauza ufuta wake mnadani kama wengine. Tangu hapo watu wamekuwa wakija wenyewe kuniuliza habari za ndugu zao. Nimewahi kuendesha semina zenye mabango, lakini hazikubadilisha mitazamo kwa kiasi hicho. Ninyi wa mjini mkimleta mgonjwa kijijini, tafadhali njooni naye zahanati kabla hamjapanda basi la kurudi, mtuachie daftari na jina la dawa, ili tuagize mapema.

Mleta uzi: Dada muuguzi, hilo la kupita zahanati kabla ya kurudi mjini nimelichukua, na nitalipeleka kwenye kikao chetu cha ukoo kama lilivyo.

Mchangiaji kutoka Chanika: Samahani kwa kuingilia kati. Mdogo wangu amejifungua wiki iliyopita. Tangu juzi halali kabisa, anaongea haraka haraka, na leo asubuhi amesema mtoto amebadilishwa na huyu si wake. Mama anasema ni uchovu wa uzazi na wengine wanasema amechezewa. Nifanye nini?

Mleta uzi: Ndugu yangu, mpeleke hospitali leo, usisubiri kesho. Hali hii ya kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua huwapata mama mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na ni ya dharura kwa mama na kwa mtoto. Inatibika, na wengi hupona kabisa. Mpaka mfike, asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache, na mtu mmoja mtulivu awe karibu naye bila kubishana naye kuhusu mtoto. Nendeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, na ikiwa iliyo karibu haina, anzieni hapo hapo kwa sababu homa na maambukizi ya uzazi yanapaswa kuchunguzwa pia, kisha waombeni rufaa. Chukueni kadi yake ya kliniki ya uzazi, dawa zote alizopewa tangu ajifungue, na aende yule aliyelala naye chumba kimoja siku hizi, kwa maana ndiye atakayeweza kumweleza daktari dalili zilianza lini. Mkishindwa usafiri, andika hapa, walio karibu na Chanika ni wengi.